Kitanda cha Tarehe Kumi na Nane

Jumatatu, 3 Machi 2025

Wamepiga simu! Hospitali!

Nilikuwa nashona mkono wa sare ya shule. Simu ikalia, sindano ya cherehani ikanichoma kidole, damu ikaingia kwenye kitambaa cheupe. Sare ya watu, nitaifua. Sista akauliza kama huyu ndiye Capitoline, akalitamka jina langu kama anatafuna mfupa. Nikasema ndimi. Kitanda kipo, Jumanne tarehe 18. Nifike saa kumi na mbili asubuhi, sijala. Daktari bingwa wa fistula anakuja mara mbili tu kwa mwaka, na safari hii anachukua wanawake sita. Mimi ni wa sita.

Miezi kumi na minne nimengoja simu hii. Karibu miaka ishirini na miwili, ukihesabu vizuri.

Nikakaa kitandani bila kutandika plastiki, kwa furaha tu. Godoro limelowa. Basi, lilowe. Nimelia kidogo, nimecheka, kisha nimefua.

Sijawahi kuliandika neno lenyewe humu, hata kwenye daftari langu mwenyewe. Leo naliandika. Navuja mkojo. Usiku na mchana, nikisimama, nikikaa, nikiimba kanisani. Kuna tundu kati ya kibofu na njia ya uzazi. Daktari mmoja kijana alinichorea mwaka juzi kwa kalamu ya bluu, nyuma ya cheti cha dawa. Mpaka siku ile nilidhani ni mimi peke yangu duniani. Akasema tuko maelfu. Sikujua nifurahi au nihuzunike.

Jumatano, 5 Machi

Majivu. Nilikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, pale pangu. Hakuna anayeniwania nafasi ile. Padri akanipaka msalaba, akanikumbusha kwamba mimi ni mavumbi. Mavumbi yangu yamelowa siku nyingi, padri, ni tope hilo.

Jioni nimemwambia Biubwa. Chumba chake kimepakana na changu, humu kwenye nyumba hii ya Bellevue, Johannesburg, iliyokatwakatwa vyumba tisa na bafu moja. Mtu wa Tanga, mtu mzima, anauza sambusa na kaimati kule Yeoville. Mwaka wa sita tunapanga foleni ya bafu pamoja. Anajua, ataachaje kujua? Hajaniuliza hata siku moja. Ila maji yakikatika, asubuhi nakuta ndoo yake mlangoni kwangu, imejaa.

Yuko kwenye mfungo. Alikuwa anakanda unga wa futari. Akasema Alhamdulillahi mara tatu, akafuta mikono, akanihadithia mwanamke wa mtaani kwao aliyeshonwa hivyo hivyo, akakauka, akaolewa tena. Nikamwambia kuolewa sitaki, nataka kukaa kwenye kochi la mtu bila kutanguliza kanga. Akacheka mpaka akashika kiuno.

Tarehe 18 atanisindikiza mwenyewe. Kuna watu siku hizi wanasimama mageti ya hospitali, wanadai vitambulisho, mgeni anarudishwa hata akiwa anatoka damu. Biubwa anasema tutafika kabla hawajapiga mswaki.

Jumapili, 9 Machi

Sina hakika naandika nini. Kichwa kimejaa.

Leo mkutano wa chama, Yeoville, chumbani kwa Afande Melchior. Chama chetu ni cha waliopigana msituni kule kwetu Burundi. Tuko kumi na mmoja, wanaume kumi na mimi. Nikiingia wanaume wanafungua dirisha, wanajifanya wanasikia joto. Melchior ni katibu. Mguu wa kushoto aliuacha kwenye bomu la ardhini. Zamani alikuwa kamanda wangu, na mpaka leo namwita Afande, mdomo umezoea.

Habari yenyewe ni hii. Tume ya Mfuko wa Majeruhi inakuja kutoka nyumbani kuwakagua walemavu wa vita wanaoishi huku. Siku moja tu, Jumamosi tarehe 29, Randburg. Atakayepita anapewa kadi ya majeruhi. Mwenye kadi anapata matunzo ya kila mwezi, na kiwanja kwenye kijiji cha majeruhi kinachojengwa kule kwetu.

Kiwanja! Wenzangu walishangilia ile pesa ya kila mwezi. Mimi nilisikia kiwanja tu. Mwaka ule niliporudi kutoka msituni, kaka yangu Ezéchiel alinikaribisha siku nne. Ya tano akasema shamba la baba ni la watoto wa kiume, na watoto wake hawalali kwa harufu. Amepanda migomba juu ya kipande changu. Nikifa huku, hata pa kunizika kule hapapo. Na karatasi yangu ya ukimbizi inaisha Julai. Kila ninapokwenda kuomba nyingine, naogopa kwamba wataninyima.

Wakaanza kupanga watakavyokwenda. Ungewaona! Mmoja atavua miwani. Mwingine, mwenye mkono uliopooza, anasema wiki ile hataufanyisha mazoezi. Melchior mwenyewe atauvua mguu wa bandia, auache kwenye buti la gari. Alitueleza kwa nini. Tume iliyopita, miaka sita nyuma, alivaa mguu mpya akaingia anatembea kama bwana harusi. Wakaandika neno moja: anatembea. Wakalikata jina.

Wengine walipotoka nikabaki. Nikamwambia kuhusu kitanda cha tarehe 18.

"Dada, tume inaandika inachokiona," akasema. "Ukishonwa tarehe kumi na nane, tarehe ishirini na tisa utawaonyesha nini?"

Nikasema nitaomba barua ya hospitali. Akatikisa kichwa. Barua za Johannesburg hawazitaki tena, tangu yule jamaa aliyewapelekea picha ya eksirei ya mguu wa mtu mwingine. Ni macho ya daktari wao tu, basi.

"Umengoja miaka ishirini na miwili. Siku kumi na moja zitakuua?"

Hazitaniua, kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Nimekwenda hospitali kuuliza kama naweza kusogezwa mpaka Aprili. Getini leo hapakuwa na watu, bahati. Sista ni mwanamke mnene, miguu imevimba, anakaa huku amevua kiatu kimoja. Hakunifokea. Akasema kwa upole kwamba daktari bingwa anafanya kazi siku tatu, anaondoka, anarudi Septemba. Orodha ya Septemba tayari ina majina kumi na saba. Akatazama karatasi yangu ya ukimbizi, akatazama tarehe. Septemba itakuwa imeshaisha. Aliisogeza tu mezani ikanirudia.

Nikamuuliza tena, sisogezwi hata wiki mbili? Akasema, "Mama, hiki si kiti cha saluni."

Haki yake.

Jumatano, 12 Machi

Nimegombana na Biubwa. Nilikosea kumwambia saa ya kukaribia kufuturu, mtu ana njaa na kiu.

Hakuamini masikio yake. Nibaki na ugonjwa makusudi, ili wanaume waje kuutazama? Nikamweleza kiwanja, kadi, Ezéchiel, migomba. Akasikiliza mpaka mwisho, huku anageuza sambusa kwenye karai. Kisha akasema, "Shoga yangu, mshika mawili moja humponyoka. Na wewe unaliacha lililo mkononi." Nikamjibu kwamba yeye ana kwao, ana watoto Tanga wanaompigia simu kila Ijumaa, hawezi kujua. Maneno mabaya. Nikayaona yanavyomwingia.

Akanisukumia sahani ya kaimati bila kunitazama. Nimezila zote, kwa hasira.

Ijumaa, 14 Machi

Kujaza fomu kwa Afande. Anaandika yeye, maandishi yake mazuri, ya shule ya wamisionari. Jina, namba ya msituni, kikosi. Alipofika "aina ya jeraha" kalamu ikasimama. Kisha akaandika: jeraha la tumbo.

Nikasema, Afande, si tumbo. Akasema wale wajumbe hawapendi kuanza na mambo ya kike, daktari ataona mwenyewe akifika. Hakuinua macho. "Alijeruhiwa vipi" akajaza: katika mapigano.

Sikubisha. Nimerudi kwa miguu, nimeketi kwenye cherehani, na tangu saa kumi sijashona hata mshono mmoja. Basi niandike mimi, kwa kuwa yeye hakuandika.

Septemba 2003, msitu wa Kibira. Nina miaka kumi na saba. Mimba ni ya Yves, mtu wa redio, alishakufa mwezi wa sita. Uchungu ulianza Alhamisi jioni. Alfajiri Melchior akasema kikosi kinahama, jeshi limekaribia, habaki mtu. Mpishi wetu akamsihi aniache naye kwenye kibanda cha wafuga nyuki, kuna njia ya kushuka kwenye zahanati ya watawa, mwendo wa saa nne tu. Melchior akasema akiniacha nitakamatwa, na nikikamatwa nitasema. Akasema, "Atembee." Nikatembea. Ijumaa yote, Jumamosi yote, nimebeba redio ya marehemu. Waliposimama kupumzika nilishika mti. Jumapili mtoto akatoka, wa kiume, ameshakufa. Wiki moja baadaye nikaamka nimelowa. Sijakauka tena.

Melchior alinipa koti lake la mvua nilalie. Na tangu siku ile hatujawahi kulizungumza, si msituni, si kambini, si huku. Lakini ndiye aliyenitafutia chumba hiki. Ndiye aliyeibeba cherehani hii ngazi zote, mguu wa bandia unalia kwii kwii. Nilipougua homa ya mapafu alikuja kila siku na supu kwenye chupa. Kwa hiyo nikamsamehe? Sijui. Hajaniomba.

Jumapili, 16 Machi

Nimeomba kanisani nipewe ishara. Nimepewa maumivu ya mgongo.

Nimejaribu kujiona nimekauka. Nalala mpaka asubuhi, shuka ni lile lile. Nakunywa maji mpaka nitosheke! Siku hizi nakunywa vikombe viwili kwa siku, kwa kuogopa. Halafu nikajaribu kujiona nyumbani, mlango wangu, funguo zangu, jina langu kwenye kitabu: majeruhi wa vita. Ezéchiel anapita njiani, analazimika kunisalimu.

Nimeshindwa kuchagua. Nataka yote mawili, na nina haki ya yote mawili, na hilo ndilo linaloniudhi. Wanaume kumi wale hakuna aliyeambiwa achague.

Jumatatu, 17 Machi

Maji yamekatika mtaa mzima tangu jana. Nimefunga mfuko wa hospitali: kanga mbili, sabuni, ndara, rozari. Biubwa ameshapanga gari la jirani. Anadhani amenishinda.

Melchior amepiga simu saa kumi na moja. Hakunishurutisha, naandika haki yake. Alisema tu kwamba kwenye orodha ya tume mimi ni mwanamke peke yangu, na nisipofika, watasema hapakuwa na wanawake msituni. "Watasema mlikuwa mnapika."

Alijua pa kupiga. Kamanda ni kamanda.

Jumanne, 18 Machi

Sikwenda.

Biubwa aligonga mlango, amevaa baibui lake la safari. Nikamwambia bila kufungua. Nilisikia anavua viatu.

Saa mbili nikapiga hospitali. Sista akasema hamna shida, kuna mama mwingine amelala kwenye benchi tangu jana kwa matumaini kwamba mtu hatakuja. Ameshavalishwa gauni la upasuaji. Nikauliza mama huyo ana miaka mingapi. Kwa nini nimeuliza? Sista akasema kumi na tisa.

Mungu amponye. Nasema kwa moyo wote, na moyo unauma.

Jumatano, 19 Machi

Biubwa hanisemeshi. Ndoo ya maji nimeikuta mlangoni.

Jumatatu, 24 Machi

Nimeshona gauni la kwenda kwenye tume. Bluu iliyoiva, pana chini. Mwenye nyumba amekuja kulalamika kwamba mpangaji mpya wa chumba cha saba anasikia harufu. Nikamwambia na mimi nasikia muziki wake. Akasema mwisho wa mwezi tutaongea.

Nahesabu siku. Tano. Kiwanja kinakuwa kikubwa kila nikikifikiria. Leo nimekipandia parachichi.

Nimemwona Melchior kwenye roboti ya Rockey Street, taa za barabarani, anavuka. Ameshaanza kuacha mguu nyumbani, kuzoea magongo. Amepungua. Akaniuliza kama nimejitayarisha, nikasema ndiyo, akasema "sharp, dada," poa ya watu wa huku, akanigusa bega. Alikuwa na jasho.

Ijumaa, 28 Machi

Simu ya Melchior. Alizunguka, akazunguka, akafika. Kesho nisivae vitambaa wala plastiki. Niende nilivyo, tume ione.

Nikamwuliza, na wewe utanitazama? Akasema yeye atakuwa nje.

Nimekwenda kwa Biubwa, nikagonga. Siku kumi hatujasemezana. Nikamweleza. Akavuta pumzi, akanikalisha kitandani kwake. Kitandani kwake kwenye shuka safi, hakutandika kitu. Akasema dini yake inajua habari yangu. Mwenye kutokwa bila kukoma anatia udhu, anajifunga kitambaa, anasali, na sala yake inapokelewa hata akiwa anavuja. "Mungu hakuambii ufungue kitambaa umwonyeshe. Hao ni nani?"

Nitavaa. Nikifika daktari akitaka kuona, nitavua mbele yake, na mlango umefungwa. Nimeamua mwenyewe.

Jumamosi, 29 Machi

Naandika koridoni, Randburg, ghorofa ya pili, jengo la ofisi. Saa tisa kasoro. Daftari liko gotini, nikija kusoma baadaye nitapata tabu. Niandike kwa mpangilio.

Tulikuja kwa gari la kukodi. Mguu wa Melchior uko kwenye buti, umefungwa blanketi. Wanaume walikuwa wanataniana, wanafundishana kuchechemea. Mimi nilikaa nyuma, dirisha wazi.

Tume ni watu watatu. Daktari, mwembamba, mpole. Mwanajeshi mstaafu ambaye hasemi. Na karani, Thérèse, mama wa umri wangu, anaandika kila kitu. Wanaume waliingia mmoja mmoja. Melchior aliingia wa kwanza, akatoka baada ya dakika kumi. Amepita! Kadi yake imegongwa muhuri pale pale. Akalia, akakumbatiwa. Na mimi nikamkumbatia, nikafurahi kweli.

Mimi wa mwisho. Saa nane.

Daktari akafungua faili langu, akasoma "jeraha la tumbo, katika mapigano". Akaniomba nilale, nionyeshe kovu. Nikasema hakuna kovu. Akauliza, risasi ilitokea wapi? Nikasema hakuna risasi. Mwanajeshi akaangalia saa yake.

Hapo nikaona nikinyamaza nimekwisha. Nikasema. Yote, kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili, redio, miti, mtoto. Sikulia. Nilisema kama mtu anayetoa maelekezo ya njia. Nikavua, daktari akavaa glavu, akaangalia, haikuchukua muda, na alinifunika mwenyewe kwa shuka baadaye. Namshukuru kwa hilo. Akasema ni kweli, ni fistula, ya zamani sana.

Halafu akasema, "Lakini mama, kujifungua si vita."

Akaeleza kwamba hili ni tatizo la uzazi, wanawake wengi wanalipata wakiwa vijijini, hawajaona hata bunduki. Tena linatibika, akauliza kama hapa Johannesburg sijawahi kupata nafasi ya upasuaji. Nikasema niliipata. Lini? Jumanne tarehe 18. Akavua miwani. Akauliza ikawaje. Nikasema, nilikuwa nawangoja ninyi.

Kalamu ya Thérèse ilisimama.

Thérèse ndiye aliyefungua kitabu cha sheria za Mfuko. Akamwonyesha daktari mstari kwa kidole, kisha akanigeukia na kunieleza taratibu, kama mtu na dada yake. Madhara aliyoyapata mpiganaji kwa kutii amri yanahesabiwa sawa na risasi. Nikitembea kwa hiari yangu, ni uzazi. Nikitembezwa, ni vita. Lakini aliyetoa amri lazima athibitishe na kutia sahihi. Yuko hai?

Nikasema yuko hapo nje, kwenye kiti cha plastiki.

Wakamwita. Aliingia kwa magongo, anatabasamu bado kwa ile kadi. Thérèse akamsomea maneno yangu. Tabasamu halikuondoka mara moja, lilibaki pale bila kazi. Daktari akamwuliza ni kweli alitoa amri ile. Melchior akasema vita ilikuwa ndefu. Akasema wanawake walikuwa wengi, wengine walijifungua njiani, ni siku nyingi. Wengi! Tulikuwa wanne.

Kwa mara ya kwanza mwanajeshi akafungua mdomo. Akamwambia wazi, ili asije kusema hakuambiwa. Kamanda aliyemdhuru mtu wake mwenyewe, kadi yake inasimamishwa mpaka aitwe nyumbani kuhojiwa.

Nikamtazama Melchior. Yeye akatazama pale mguu ulipopaswa kuwa.

Nikasema, "Afande. Sikudai damu. Andika tu kwamba nilitembea kwa sababu ulisema nitembee."

Akasema, "Ningekuacha, wangekuua." Nikasema labda. Nikasema andika na hilo pia. Akashika kalamu. Nimeona kwa macho yangu, aliishika. Kisha akaiweka juu ya karatasi, polepole, akasema hapumui vizuri humu ndani, anaomba atoke avute hewa dakika tano.

Daktari akamruhusu. Akasema tume inafunga saa tisa na nusu, wana ndege. Mimi wakaniambia ningoje hapa koridoni.

Saa tisa na dakika tano. Wenzangu hawaji kukaa upande huu. Nasikia wanaulizana kwa sauti ya chini.

Saa tisa na kumi. Thérèse ametoka, ameniletea maji kwenye kikombe cha karatasi. Nimekunywa yote. Ameniuliza kama yule bwana atarudi. Nikamwambia huyo amenibebea cherehani mpaka juu. Sijui kwa nini nilimtetea. Nimekasirika mpaka meno yanauma, na bado namtetea. Mlango wameuacha wazi, karatasi naiona mezani, kalamu iko juu yake.

Saa tisa na robo. Nimesimama dirishani. Barabara iko chini hapa, na kile kiduka wanachokiita spaza, na watu wa Jumamosi na mifuko yao. Nimemwona. Hayuko mlangoni. Hayuko kwenye gari letu, dereva anamwita, hageuki. Mguu wake umebaki kwenye buti na hajaudai. Anakwenda na magongo, haraka, sikujua kwamba anaweza kwenda haraka hivyo.

Amesimama ukingoni mwa barabara. Amebana gongo moja kwapani. Ameinua mkono, kidole kimoja kinaelekea juu. Kila mtu wa mji huu anakijua kidole hicho, ndicho cha kuita teksi ya kwenda mjini.

Nimefungua dirisha. Nimemwita, si Afande, nimemwita kwa jina lake. Ametazama juu. Ameniona, na kidole bado kiko juu.

Teksi ya kwanza imejaa, imepita. Ya pili imejaa. Ya tatu inapunguza mwendo, na karatasi mezani bado haina sahihi.